Askofu Kiguu na Njia

Nilimjua shemeji yangu kabla hajawa askofu, kabla hajawa kasisi, kabla hata hajamwoa dada yangu, na nasema bila kumung'unya maneno: sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Hunywa kidogo ameketi, kidogo amesimama, na kinachobaki hukimwaga mlangoni akiaga. Watu humsifu kwa mahubiri yake na kwa jinsi alivyowawekea watoto wao mikono. Sawa, wamsifu. Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu na majoho ya makasisi, na mtu namjua kwa vipimo vyake. Vipimo vya huyu sijavipata kamili mpaka leo, kwa sababu hasimami.

Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa kibaraza cha duka la watu, na alikaa pale mpaka saruji ikafanya kishimo mahali alipokuwa akiketi. Alitengeneza baiskeli za watu wakaenda zao, yeye asiende popote. Shemeji alikua akikitazama kile kishimo. Aliwahi kuniambia, "Shemeji, nilikuwa nakiogopa kuliko kaburi." Nikamwambia kaburi ndilo litakalomweka sawa. Akacheka, akainuka, akaenda dirishani.

Siku moja kasisi wa pale, mzee mnene mwenye huruma, alileta baiskeli yake mnyororo umelegea. Kijana akaukaza, akaambiwa aijaribu kidogo barabarani. Akaijaribu mpaka jioni. Kasisi akaenda kuzika kwa miguu, akarudi jasho linamtiririka, ndipo kijana anaingia, vumbi mpaka kwenye kope.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Nimepita makanisa yako yote madogo, Kasisi. Yote. Watu wanakusalimu."

Mzee alitaka kumchapa, lakini kicheko kikamtangulia. Akamchukua awe msaidizi wake, baadaye akampeleka chuo cha theolojia. Wenzake huko chuoni walisimulia jinsi Mungu alivyowaita, huyu usingizini, yule hospitalini. Shemeji aliitwa na baiskeli ya mtu.

Alipokuja kumposa dada alikuwa shemasi mpya mwenye kola inayomkaba. Dada alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na alikuwa mwalimu kweli. Akiingia darasani, hata wale watoto wanaolamba chaki wanatulia. Baba yetu alimuuliza mchumba, "Mtaishi wapi?" Akajibu, "Popote nitakapotumwa, Mzee." Baba alilipenda jibu lile, akaona huyu ndiye kijana mtiifu. Dada hakuulizwa kitu. Nilikuwa mdogo, nimekaa karibu yake, nikaona alivyogeuka kumtazama baba, kisha yule mchumba, kama mtu anayengoja zamu yake. Zamu haikufika.

Basi wakaanza kuhama. Katika kanisa lao, kasisi huhamishwa na askofu, na jibu ni moja tu: "Ndiyo, Baba Askofu." Wengine hulitoa huku moyo unavuja damu. Shemeji alilitoa mkono mmoja tayari uko kwenye kamba ya kufungia godoro. Kila walikofika kuna ibada ya kumsimika kasisi mpya. Hukabidhiwa ufunguo wa kanisa, kisha huigonga kengele mbele ya waumini. Watu walikuwa na kawaida yao ya kuhesabu milio, kwa sababu inasemekana kila mlio ni mwaka mmoja atakaokaa nao. Kuna makasisi walioivuta kamba mpaka mikono ikauma, na waumini wakapiga vigelegele. Shemeji alipiga mara tatu, akairudisha kamba kwa mzee wa kanisa, akauliza njia ya kwenda kanisa la jirani. Mama mmoja nyuma akanong'ona mpaka tukamsikia sote, "Huyu hajaja, anapita."

Dada yangu alivumilia. Kila shule mpya alianza upya kama mgeni, akipewa darasa ambalo wenzake hawalitaki. Watoto wao wawili walijifunza kusoma shule hii na kuhesabu shule ile. Wa kwanza akiulizwa anatoka wapi anajibu, "Chagua." Kisha wakafika mahali pamoja ambapo dada alipapenda. Aliikuta shule ina madarasa yasiyo na milango, akawasumbua wazazi mpaka milango ikapatikana. Mkaguzi akaja, akaona, akamtangaza mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi wote. Dada alinipigia simu akilia kwa furaha. Alikuwa bado hajaketi kwenye kile kiti cha ofisini shemeji alipoingia nyumbani akisugua viganja.

"Mwalimu," akamwambia, kwa maana ndivyo anavyomwita, "Askofu ananihitaji kule juu. Jumatatu tunaondoka."

Dada akafungasha. Niliposikia, nilimpigia shemeji nikamwambia maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mtu wa Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, ni wito." Nikamuuliza ni wito wa nani. Laini ilikuwa mbaya, au alijifanya ni mbaya.

Uaskofu nao aliupata kwa miguu yake. Sinodi ya uchaguzi ilikuwa imegawanyika katikati. Upande huu wana mkuu wa kanisa kuu, upande ule wana mkuu wa chuo, na kila upande unajua dhambi zote za mwenzake tangu ujana. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wazee walipochoka kupiga kura wakatafuta mtu wa tatu asiyechukiwa na yeyote, wakamkuta shemeji. Hakuwa na adui hata mmoja kwa sababu hakuwahi kukaa mahali muda wa kutosha kumpata. Parokia nyingi zilimjua kidogo, na zote zilimjua wakati bado anapendeza.

Mimi ndiye niliyemshonea. Nilimwambia asimame wima nipime. Akasimama, simu ikalia, akageuka. Nikapima tena, akakumbuka kitu chumbani. Siku ya ibada mkono wa kulia wa joho ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto, na jina langu likaharibika mbele ya maaskofu waliotoka kila upande. Lakini aibu yangu ilifunikwa na yake. Desturi ni kwamba askofu mpya husimama nje ya kanisa kuu mlango umefungwa, anaugonga kwa fimbo yake mara tatu, na mkuu wa kanisa kuu anamfungulia kwa heshima. Akagonga. Ndani, mkuu wa kanisa kuu, yule yule aliyekosa kura, anahangaika na komeo lililopata kutu. Linagoma. Kwaya inarudia ubeti. Shemeji akangoja pumzi tatu nne hivi, akashindwa, akazunguka na fimbo yake akaingia kwa mlango wa chumba cha kuvalia. Komeo likakubali, milango mikubwa ikafunguka wazi, tarumbeta zikalia, na pale nje hapakuwa na mtu. Askofu alikuwa madhabahuni amesimama, anatutazama tunavyomtafuta.

Nisimwonee. Alikuwa askofu mzuri. Hakuna kanisa dogo ambalo hakulifikia. Palipokuwa na mto bila daraja alivuka kanzu imekunjwa kiunoni, kofia ya kiaskofu ameibeba kwenye mfuko wa plastiki, akawapa kipaimara watoto ambao babu zao hawakuwahi kumwona askofu hata mmoja. Dereva wake alibadilisha matairi mpaka mafundi wakadhani anayauza. Wagonjwa aliwakuta vitandani, wafiwa aliwakuta bado wanalia. Watu walimpenda kwa hilo na mimi nilimpenda kwa hilo.

Ila makasisi wake hawakupata usingizi. Alikuwa na sheria yake, kwamba kasisi akimaliza miaka mitatu mahali pamoja ameanza kuota mizizi, na mizizi ni ya miti. Katika mkutano wa makasisi, mwishoni kabisa, husimama na kuwatangazia nani anakwenda wapi, na baada ya kila jina anamalizia, "Fungasha!" huku akitabasamu kama anayegawa zawadi. Wakampa jina hilo. Fungasha amelala? Fungasha anapita leo? Wake za makasisi walikuja kulia jikoni kwa dada. Mmoja alikuwa na mimba kubwa, mwingine ndiyo kwanza mahindi yake yanatoa mbelewele. Dada aliwapa chai, akawasikiliza, jioni akamwendea mumewe.

"Unawaumiza watu."

"Mwalimu, hata mimi nilihamishwa na nikapona."

"Nani alikwambia umepona?"

Alicheka. Dada hakucheka. Nilikuwepo.

Umri ukafika, akastaafu. Aliweka fimbo yake juu ya meza ya Bwana, akaiachia, na kanisa zima tukautazama mkono wake mtupu usivyojua pa kwenda. Wakahamia nyumba ndogo pembeni mwa mji, na safari hii dada alipigilia misumari ukutani. Nyuma ya nyumba akaezeka banda la mabati, akaweka mikeka na ubao, akaanzisha chekechea. Watoto walianza wachache wenye makamasi, wakaongezeka mpaka ikabidi aongeze mikeka. Hatimaye akawa mwalimu mkuu. Asubuhi nikipita kumletea sare nilizoshona, nasikia sauti yake inapanda juu ya zile sauti ndogo, na najua kwamba dada yangu amefika.

Mumewe hakufika. Alihamisha viti vya sebuleni Jumatatu, akavirudisha Jumatano. Alikwenda dukani kununua kiberiti kwa njia ya mbali. Alihudhuria mazishi ya watu asiowajua. Mazoea yana taabu, na taabu hii ikamfikia kijana wa watu. Kwenye msiba mmoja, shemeji alikutana na kasisi kijana aliyemweka wakfu mwenyewe, wakaongea, na katika kuagana akamgonga begani. "Lakini wewe umekaa sana hapa."

Maneno ya kawaida tu, kama mtu kusema jua kali. Yule kijana akaenda nyumbani akafungasha. Akagawa kuku wake, mkewe akaaga umoja wa akina mama, waumini wakamchangia zawadi ya kumsindikiza, na siku ya tatu akatokea ofisini kwa askofu mpya kuuliza anapelekwa wapi. Askofu mpya hakujua lolote. Kasisi alibaki amesimama pale, mke na virago viko nje kwenye mkokoteni.

Askofu mpya alikuja mwenyewe nyumbani. Ni mtu wa adabu, alikubali chai na akaimaliza. "Baba," alisema taratibu, "wewe ndiye uliyenilea. Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Naomba usiseme na makasisi wangu habari za kukaa wala kuondoka." Shemeji akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, Baba Askofu." Ilikuwa imepita miaka mingi tangu alitamke jibu lile.

Haukupita muda, simu ikalia kutoka dayosisi ya mbali kabisa, safari ya siku nzima na kesho yake. Askofu wao anaumwa, wanaomba mstaafu awe msaidizi. Nina dhana yangu kuhusu nani aliyewapa namba, na ninaibakiza kuwa dhana. Shemeji aliitikia kabla mwenzake hajamaliza kueleza. Akatoka mbio mpaka bandani. Dada alikuwa amewapanga watoto mstari wapate kunawa mikono.

"Mwalimu, tunahama!"

Dada aliendelea kummwagia maji mtoto aliyekuwa mbele. "Lini?"

"Alhamisi. Wanaleta lori."

"Sawa," dada akasema. "Anayefuata."

Shemeji akafurahi. Alinipigia simu anaimba. Mimi sikufurahi, kwa sababu kimya kingi kina mshindo mkubwa, na dada yangu namjua. Alhamisi nikafunga cherehani nikaenda.

Lori lilikuja kubwa, na wapagazi. Dada alikuwa amefungasha kwa ustadi wake wote: maboksi yamefungwa, kamba zimekazwa, vitu vya kuvunjika vimezungushiwa matambara. Wapagazi wakabeba, wakapanga, wakashuka. Wakapangusa mikono. Dereva akachungulia nyuma ya lori.

"Mzee, ni hivi tu?"

Shemeji akaenda kuangalia. Maboksi ya vitabu, sanduku la kanzu na majoho, kiti kimoja cha kukunja, redio. Vilijaza kona moja, na mbele yake sakafu ya lori ilibaki tupu mpaka mlangoni. Akarudi ndani. Masufuria yalikuwa yananing'inia mahali pake. Mapazia yalikuwa yanapepea.

"Mbona mapazia hayajatolewa?"

"Ya kwangu hayo," dada akasema.

"Na wewe?"

"Mimi sijahamishwa."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililotutisha. Shemeji akanitazama mimi, kana kwamba nitamtafsiria. Nikatazama viatu vyangu. Bandani watoto walikuwa wamebaki peke yao, wameanza kupigana, na dada akasema, "Samahani, nina darasa," akatoka. Dereva akapiga honi. Shemeji alisimama katikati ya sebule, mtu aliyevuka mito, na sikuwahi kumwona hajui aende wapi. Kisha honi ikalia tena, na miguu yake ikafanya inachokijua. Akapanda.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe baadaye, bila kujitetea. Jumapili ya kwanza kasisi wa pale alimkaribisha mbele ya watu, akasema kwa desturi yao, "Tumkaribishe Baba Askofu na Mama," na watu wakageuka kumtafuta Mama wampigie makofi. "Yuko njiani," shemeji akasema. Jumapili ya pili, kanisa jingine, akasema hivyo hivyo. Jumapili ya tatu mtoto wa kipaimara, badala ya kuinama awekewe mikono, alimuuliza, "Mama yuko njia gani?" Alizunguka makanisa yote ya huko kwa haraka kuliko alivyopangiwa, kisha yakaisha, na ikawa lazima kila jioni arudi kwenye nyumba isiyo na mapazia na kuketi juu ya boksi la vitabu. Alisema pale juu ya boksi alimkumbuka baba yake kibarazani, na kwamba baba yake angalau alikuwa na watu wanaomjia.

Akaomba ruhusa, akarudi. Nilikuwepo siku hiyo. Tulikuwa tunakunja sare mimi na dada, watoto wameshachukuliwa na mama zao.

"Hodi."

Tulitazamana. Katika maisha yao yote sikuwahi kumsikia akibisha hodi kwake. Alikuwa akiingia tu kama upepo.

"Nani?" dada akauliza, ingawa sauti anaijua.

"Mimi. Mume wako."

"Umekuja kunichukua?"

"Hapana." Mlango ulikuwa wazi, alikuwa amesimama kizingitini, amekonda, begi liko mkononi. "Nimekuja kukuuliza. Unataka tuishi wapi?"

Dada aliweka chini ile sare.

"Rudia."

"Unataka tuishi wapi, Mwalimu?"

"Rudia tena."

Akarudia mara ya tatu, polepole, kama mtoto anayesomeshwa. Na dada yangu, ambaye nilimwona akihama bila chozi, akamzika mama yetu kwa chozi moja, alijifunika uso kwa kanga yake akalia mpaka mabega yakatikisika. Nilitaka kumshika nikaona haya. Shemeji hakusogea. Kwa mara ya kwanza alingoja mlangoni, ingawa huu ulikuwa wazi.

"Hapa," dada akasema alipoweza.

"Kwa muda gani?" akauliza shemeji. Ulimi ulimponyoka, naapa, ni mazoea tu, na nilimwona anajuta neno bado liko mdomoni.

Dada akafuta macho. "Mpaka mmoja wetu azikwe."

Shemeji akaitazama sebule: misumari, mapazia, vikapu vya chaki, mikeka iliyoegeshwa ukutani.

"Ni muda mrefu," alisema.

"Ndiyo," dada akamjibu. "Kwa hiyo vua viatu."